Hicho Unachokalia Bei Gani?

Huyo anayewaambia watu kwamba vitu visivyotumika ndani ya nyumba ni pesa iliyolala, mimi namtafuta. Nimpeleke shambani Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri, umande umeshapita kiatu umefika kwenye soksi, nimwoneshe. Haijalala hiyo, ndugu yangu. Imekufa zamani, tunasubiri mazishi.

Gulio la buti mnalijua. Kama hulijui, basi hujakaa Uingereza, ulipita tu. Mkulima anafungua shamba lake, magari yanapangwa mistari, mabuti yanafunguliwa, na kila mwanamume anauza kile ambacho mkewe amesema hataki kukiona tena. Wanasema aliyeleta mambo haya ni padri mmoja Mkatoliki wa Stockport, Harry Clarke, aliyeyakuta Canada miaka ya 1970 akaona yatafaa kuchangisha fedha. Padri hana mke. Ndiyo maana hakujua anatuanzishia nini.

Sasa jamaa yangu mmoja wa kazini, tunabeba naye boksi zamu ya usiku, amenipa semina nzima. Fika mapema. Beba meza. Beba chenji. Bei weka juu kidogo ili mtu apate pa kupunguza. Tabasamu. Na zaidi ya yote, usifungue buti kabla hujapanga meza.

Hilo la mwisho ndilo la kweli peke yake, na halitekelezeki. Nimezima gari, mkanda bado uko kifuani, tochi tatu zimeshamulika kiti cha nyuma. Hawa si wateja, hawa ni wachuuzi wenzetu, wanawahi kununua kwako peni 50 wakauze mstari wa pili pauni 5 jua likichomoza. "Dhahabu ipo? Saa? Kamera? Lego?" Jamani, mimi na sura hii, na gari hili, dhahabu nimeificha wapi? Mpiga debe wa Ubungo angeona haya. Mmoja kapenyeza mkono mlango wa nyuma, kaibuka na hotpoti, kalimulika, kalitikisa: "Na hii?" Bwana, hizo ni chapati zangu. Akauliza kama hotpoti linauzwa bila chapati.

Chenji nilibeba, nayo iliondoka yote kwa mteja wa kwanza, aliyenunua kijiko cha kuchotea aiskrimu cha peni 20 kwa noti ya pauni 20. Vitu vya watoto nikaviweka chini kwenye turubai, usawa wa macho yao, maana mtoto akishakumbatia kitu mama yake hana ujanja. Ni kweli, viliuzwa. Na mwanangu akazichukua hizo hela akanunua gari la zimamoto la jirani, kubwa kuliko vyote tulivyouza, lenye king'ora. Kochi sikulibeba. Lebo ya kuthibitisha kwamba halishiki moto upesi aliikata mama watoto zamani, ilikuwa inamchoma kiunoni, na bila lebo hata maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vya kupewa, hayalipokei, kwa hiyo tutazikwa nalo.

Mashine ya kuokea mkate ndiyo niliyoitegemea. Mpya, imo kwenye boksi lake, zawadi ya Krismasi, haijaoka hata andazi. Nikaandika pauni 8. Akaja bwana mmoja kashuka kwenye gari ambalo tairi lake moja lingenilipia kodi ya nyumba. Akaizunguka. "Inafanya kazi?" Inafanya. "Nioneshe." Nikuoneshe na umeme nitoe wapi, kwa ng'ombe? "Basi peni 50, maana najitosa gizani." Mwanamume mzima, amevaa saa, ananililia peni. Huku ndiko tulikoambiwa hawajui kupatana bei! Tulidanganywa shuleni.

Lakini hayo yote si kitu. Kisa ni kiti.

Viti vya kukunja tunavyo viwili. Kimoja alikalia mama watoto. Cha pili kilikaliwa na mkoba wa mama watoto, kwa sababu nyasi zimeloa na mkoba ni wa ngozi. Mimi baba wa nyumba nikapewa mbuzi ya nazi. Ile ile aliyonipa mama mzazi, imefungwa kwenye kanga, imelipiwa uzito wa ziada uwanja wa ndege, kwa sababu mama hakuamini kwamba kuna nchi watu wanakula bila kukuna. Nikaikunja, nikaikunjua, nikakaa, ulimi wa chuma umechomoza mbele, nikatabasamu nilivyofundishwa.

Akaja mzee wa kofia ya sufi na mkewe. Akaitazama meza yangu toka mwanzo: mapazia, beseni la umeme la kusugulia miguu, kile chombo cha kuyeyushia jibini. Hakutikisika. Halafu akainama.

"Hicho unachokalia bei gani?"

Hakiuzwi, mzee wangu.

Akacheka, akamkonyeza mkewe, maana kwao kitu kisichouzwa ndicho chenye maana. "Pauni 5." Nikamwambia nakikalia. "Pauni 8." Nikamwonesha mashine ya mkate, pauni 8 ndizo hizo hizo, mpya. Mashine hataki. Akapiga goti kwenye tope, akaushika ule ulimi, akapapasa meno yake kwa kidole, akaguna, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyesomea: hiki ni chombo cha kuvulia buti za kupandia farasi, karne ya 19. Karne ya 19! Fundi aliyeichonga yuko Ngamiani, Tanga, yu hai, na kitanda cha mjomba wangu alichokulia advansi mpaka leo hajakimaliza.

Watu wakiona watu wanakusanyika. Mama mmoja akasema ni cha kusalia, unapiga magoti pale kwenye mbao. Kijana mwenye ndevu akasema ni cha yoga, akaomba ajaribu, nikamwambia kaka, pana meno pale. Binti akapiga picha: mbuzi peke yake, mimi akaniomba nisogeze mguu. Nusu ya shamba imesimama mbele ya gari langu, na mezani hakuna mkono uliogusa hata pazia. Jirani yangu muuza miche ya nyanya ananinong'oneza, "Taja bei, mwanamume, taja bei." Nami sina uwezo wa kusimama niwafukuze, kwa sababu nikisimama tu wataichukua.

Ndipo nikasikia nyuma ya umati, kwa Kiswahili kilichonyooka cha Mombasa:

"Kijana, hiyo mbuzi mwaiuza ama mwaikalia tu?"

Nikainuka bila kupenda. Mama wa Kihindi, mtu mzima, sari chini, koti zito juu, raba nyeupe miguuni, anakokota kitoroli cha sokoni.

"Shikamoo, mama."

Imenitoka yenyewe. Na hapo ndipo biashara ilipoharibika, kwa sababu mtu uliyemwamkia shikamoo huna tena macho ya kumkazia umtajie pauni 20. Hii hakuitaja jamaa yangu wa boksi kwenye semina yake.

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Tanga, mama."

"Tanga. Basi mwajua kukuna." Yeye kazaliwa Mombasa, kaolewa Jinja, Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa kule siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri ya Leicester wakati ule iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, kuwaomba wasije huku, mji umejaa. "Sisi hata hatukuwa tukiujua huo mji," akasema. "Lile tangazo ndilo lililotwambia uko." Akacheka peke yake, akaniondosha kwa mkono, akaivuta mbuzi, akapitisha dole gumba kwenye meno.

"Butu."

Nikasema ni baridi tu, mama.

"Mara ya mwisho mmekunia lini?"

Nikatazama miche ya jirani. Mama watoto, ambaye asubuhi nzima hakuuza kitu wala kusema kitu, akaona huu ndio wakati wake wa kuchangia: "Siku hizi twatumia tui la kopo, mama."

"La kopo." Akalirudia mara ya pili akiwa ameshakaa. Alikaa upande upande, sari ameibana vizuri, mkono wa kulia tayari, namna ile ile wanavyokaa mama zetu, akaangaza macho chini. "Nazi ziko wapi?"

Mama, hapa ni shambani Leicestershire.

Basi wakaanza wao wawili. Samaki wa kupaka, mahamri, maharagwe ya nazi, nani anatia hiliki na nani anatia nyingi mno. Mimi nimesimama pembeni na mfuko wangu wa chenji usio na chenji. Nikajikaza kiume nikasema, kuokoa jahazi, kwamba hata kama ningeuza, ni pauni 20.

"Kijana. Mbuzi ni butu, mguu mmoja walegea, nawe umeikalia hadi imepinda. Pauni 2."

"Mama, huyu mzungu hapa kashafika 8."

Mzee wa kofia, kusikia tu mkono unamwelekea, akapanda: "10!"

Yule mama akamgeukia, akamweleza kwa Kiingereza safi, taratibu, kwa adabu zote, kwamba hii ni ya kukunia nazi, kwao ilikuwa kila nyumba, na haina hata miaka kumi. Farasi hawahusiki. Mzee akaitazama mbuzi. Akanitazama mimi, jicho la mtu aliyetapeliwa. Noti ya 10 ikarudi mfukoni, goti lenye tope likaondoka nalo, umati ukamfuata. Yule wa yoga ndiye alichelewa kidogo.

"Sasa tumebaki mimi nawe," akasema mama. "Pauni 2."

Hiyo sijawahi kuiona hata Kariakoo. Kaua mnada kwa sentensi tatu, bila kupandisha sauti. Nikawa bado nameza mate nitafute jibu, mama watoto akasema kwa moyo mkunjufu: "Chukua tu mama, bure. Kwetu inakula nafasi."

Bure! Kitu pekee chenye soko katika shamba zima! Kilichovuka bahari kwenye kanga! Mapazia yake yale ya zambarau ameyaandikia pauni 6 na ukisema 5 anakununia, mbuzi ya mama yangu, bure! Nikamwita pembeni nikamuuliza kwa upole, ule upole wa meno yamefungwa. Akanijibu, "Umeshamwamkia. Utamtoza?"

Mama akakataa bure. Kitu cha jikoni hakitolewi mikono mitupu, alisema, kina mkosi. Akatoa pauni 1. Akaomba na mfuko. Nikampa wa nailoni, akasema huo utatoboka, nipe ule imara. Ule imara niliununua dukani kwa zaidi ya hiyo pauni. Akaondoka na kitoroli chake, akatuombea dua, na mimi nikasimama wima mpaka adhuhuri, maana mkoba ulikuwa bado umechoka.

Halafu kuna watu wanasema biashara ni uchangamfu. Kiwanja pauni 10. Dizeli msiniulize. Chai ya pale kwenye gari la vitafunio, maji ya moto na mfuko uliokatishwa tamaa, unalipia huku unatetemeka. Serikali ya hapa imesema mapato ya biashara ndogo hadi pauni 1,000 kwa mwaka hayatozwi kodi, na mimi naishukuru kwa imani yake. Kwa mwendo wangu huu watakaoufikia huo mstari ni wajukuu, na wao watakuwa na mashine ya mkate mkononi. Kwani tunauza kwa sababu gani? Umeme umepanda, gesi imepanda, kodi ya halmashauri kila Aprili inakuja na barua ya kunishukuru kwa uvumilivu. Sina uvumilivu! Nani kawaambia nina uvumilivu?

Ikanyesha, bila shaka. Mapazia yalipata maji yakawa mazito, kuyarudisha kwenye buti tukawa watu watatu. Jumapili maduka mengi ya hisani yamefungwa, dampo nalo siku hizi linataka uweke miadi mtandaoni, kutupa taka kwa miadi, sijui wanakukaribisha na juisi. Kwa hiyo vyote vimerudi kwenye korido pale pale, na sasa vina unyevu.

Usiku shemeji yangu wa Mbagala akapiga. Kaona picha ya mashine ya mkate, dada yake aliiweka kwenye status. "Shemeji, usiuze! Hiyo hapa ni used ya Ulaya, plagi zenyewe ndizo hizi hizi za pini tatu, niwekee kwenye pipa la mzigo wa kuja huku." Pipa, shemeji, lina gharama zake, kuna kontena, kuna bandari, kuna ushuru. Akasema ushuru nisijali, ana mtu. Na ile baiskeli ya mazoezi aliyoiona kwenye picha nyuma yangu? Haiuzwi shemeji, hiyo ndiyo tunayoanikia nguo. Na hicho cha kuyeyushia jibini, kinaweza kukaanga chipsi mayai? Nikamwambia hayo ya kugawa aongee na dada yake, nikampa simu.