Mtoto Anamwiga Dada, Baba Ananuna

Juzi kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akiwaka. Kahamia Dodoma na wizara, kajenga mtaa wa Kisasa, halafu binti yake wa miaka minne anawaamkia wageni "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, lugha ya Wagogo wa Dodoma! Kaiga kwa dada wa kazi aliyetokea Bahi, hapo hapo mkoani Dodoma. "Watoto wanaiga ovyo kama kasuku," akasema, na nusu ya ukumbi ikatikisa vichwa kuitikia.

Ovyo? Basi mbona hakuigi wewe, mzee? Na Kigogo ndani ya Dodoma kimekuwa kosa lini?

Mwaka 2004 watafiti Koenig, Clément na Harris waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu na minne watu wawili wakitaja majina ya vitu vya kawaida, mmoja akipatia, mwingine akivurunda. Kilipoletwa kitu kigeni, watoto walimsikiliza aliyepatia. Mwaka 2006 Jaswal na Neely wakapambanisha mtu mzima na mtoto. Wote wakipatia, mtu mzima ndiye aliaminiwa. Mtu mzima akichemka, watoto walimfuata mtoto mwenzao. Hapo ndipo panapotuuma. Tumezoea kudhani mvi zinatosha, kumbe mtoto anatupima kimyakimya, na tukikosea anahama.

Mimi ni jirani yao, nimemwona binti huyo jikoni. Dada anapukuta unga wa mlenda kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka, mkono mwingine unakoroga. Binti kachuchumaa mlangoni na kopo lake, anapukuta mchanga, anakoroga kwa kijiti, hata kuinamisha kichwa kamwiga dada. Dada akisema ukimwaga wote kwa mpigo utafanya madonge, madonge yanatokea kweli. Baba akisema "nakuja sasa hivi", anarudi saa nne usiku. Nani wa kuaminiwa hapo?

Haya, nakubali, kuiga kwao kuna vituko. Mwaka 2005 watafiti Horner na Whiten walionyesha namna ya kutoa zawadi ndani ya boksi, wakichanganya na hatua zisizo na kazi. Boksi likiwa linaonekana hadi ndani, sokwe wa kisiwa cha Ngamba, Uganda, waliziruka hatua hizo wakachukua chakula chao. Watoto wa binadamu walirudia hatua zote, hata za kijinga. Kwa hiyo ndiyo, hata kupekua simu mezani kutaigwa.

Sasa nasikia dada anaondolewa mwisho wa mwezi. Unamlipa kiduchu, unamwachia mtoto kutwa, halafu unashangaa mtoto kajifunza kwake! Mwongezee mshahara, bwana.