Makoto Kino: ngumi, jiko na deni asilolikopa

Wapenzi wa Sailor Moon, hadithi ya Kijapani ya wasichana wa shule wanaogeuka mashujaa, wakianza kumjadili Makoto Kino, yaani Sailor Jupiter mwenye nguvu za radi, mazungumzo huishia jikoni. Wapo wanaosema huyu ni tomboi, msichana mwenye mienendo ya kivulana, aliyeruhusiwa kuwa tomboi kwa sharti kwamba ajue kupika. Wengine hujibu kuwa hapo ndipo penye utamu wake: asubuhi anambwaga mtu chini, mchana anafungua chakula alichokipika mwenyewe, na wala hajioni kituko. Mimi ni shabiki wake wa siku nyingi, na naona ubishi huu umeng'ang'ania aproni wakati tatizo liko kwingine.

Anime hiyo, yaani katuni ya Kijapani, iliyotengenezwa na studio ya Toei, ilianza kurushwa Japani Machi 1992, na Makoto anaingia sehemu ya 25. Ni mwanafunzi mgeni mwenye umri wa miaka 14, urefu wake sentimita 168 wakati Usagi, mhusika mkuu, ana 150. Uvumi umemtangulia darasani: shule aliyotoka alifukuzwa kwa kupigana. Sare yake si ya shule hii, kwa sababu ya kumtosha haikupatikana, basi anavaa ile ya zamani yenye sketi iliyopita magoti kwa mbali. Mtazamaji wa Kijapani wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa zaidi. Sketi ndefu ilikuwa alama ya sukeban, wasichana wa magenge ya shule waliovuma miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Naoko Takeuchi, mwandishi na mchoraji wa manga yenyewe, yaani hadithi ya picha iliyozaa anime hiyo, alipokuwa bado anawabuni wahusika wake alimfikiria huyu kama kiongozi wa genge hasa. Genge liliachwa, sketi na ngumi vikabaki, akaongezewa hereni za waridi.

Saa ya chakula, wanafunzi wenzake wanamkwepa. Usagi peke yake ndiye anamsogelea, na kinachomvuta si huruma bali tamaa ya chakula alichokipika Makoto. Urafiki wao unaanzia hapo. Ni tukio dogo lililoandikwa kwa akili sana, ila ndilo hilo hilo wanaomlaumu mwandishi hulishika kama ushahidi: msichana anayeogopwa anasafishwa jina na mapishi yake.

Na hoja yao ina uzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi mashabiki. Tazama wenzake. Usagi hajui kupika, ni mlizi, alama zake za mtihani ni aibu tupu, na hakuna hata siku moja hadithi inapouliza kama yeye ni msichana kamili. Rei, shujaa mwenzao, ana hasira za karibu na ulimi mkali, hakuna anayemdai kitu. Makoto ndiye anayedaiwa. Kila anapoonyesha nguvu, haupiti muda kabla hatujakumbushwa kwamba anapenda maua, anapenda keki, na ndoto yake ni kuwa bibi harusi na kufungua duka la keki na maua. Mambo hayo ukiyachukua moja moja ni mazuri. Yakipangwa kila mara nyuma ya ngumi, yanaonekana kama marejesho ya mkopo ambao yeye hakuuchukua.

Lakini tukubali pia kwamba jiko la Makoto lina sababu ndani ya hadithi. Wazazi wake walikufa katika ajali ya ndege, ndiyo maana anaziogopa ndege hadi leo. Anaishi peke yake. Asipopika, nani atampikia? Katika maelezo rasmi ya wahusika, jambo analopenda kufanya akiwa hana kazi limeandikwa kuwa ni kusaka bidhaa zilizoshushwa bei, na mimi kwa kifungu hicho kidogo tu nilimpenda zaidi kuliko kwa radi zake zote. Huyo si binti anayejifunza upishi ili apate mume. Ni mtoto anayejilea, anayehesabu senti, na anayejua kuwa ukubwa wa umbo haumfanyi mtu asihitaji kukaribishwa mezani. Wanaomtetea kwa kusema tu kwamba tomboi naye ana haki ya kupika wanaiacha hoja hii yenye nguvu na kushika ile dhaifu.

Kinachonikera mimi ni yule kaka wa shule ya zamani, yaani mvulana wa darasa la juu aliyempenda na ambaye alimvunja moyo. Katika anime ya miaka ya 1990, Makoto akimwona kijana yeyote mtanashati, husema anafanana na yule kaka. Mara ya kwanza ni huzuni, kwa kuwa tunaona jeraha bado bichi. Baadaye ni kichekesho tu, na waandishi walikirudia mpaka kikachuja. Hapa ndipo ulipo upungufu wa kweli. Aproni inatuambia anaishi vipi. Mzaha huu hautuambii lolote, unajaza tu nafasi ambayo ingepewa maisha yake ya upweke.

Msimu wa tatu, ulioanza 1994, ulileta mtu wa kumlinganisha naye: Haruka Tenoh, msichana dereva wa magari ya mashindano anayevaa sare ya wavulana, mwenza wa Michiru mpiga fidla. Haruka hapiki ili asamehewe, wala haombi radhi kwa alivyo. Wengi husema ujio wake ulimfunika Makoto. Mimi nasema ulimfichua, maana sehemu ya 96 inawakutanisha wawili hao na Makoto anavutiwa naye waziwazi. Wenzake wanahaha wakidhani amempenda. Ukiachana na mzaha wao, unaona msichana mrefu, mwenye nguvu, ambaye kwa mara ya kwanza amekutana na mkubwa anayefanana naye na ambaye hajikunyati. Sikumbuki tukio jingine ambapo anime hii ilimwelewa Makoto vizuri hivyo. Ni bahati mbaya kwamba haikulifuatilia.

Kipimo kingine ni sehemu ya 45, vita vya Ncha ya Kaskazini mwishoni mwa msimu wa kwanza. Makoto ndiye wa kwanza kufa, akiwa amenaswa na maadui, na radi yake ndiyo silaha anayoitumia hadi mwisho. Hapo hakuna keki wala kaka wa zamani. Sauti ya Emi Shinohara, mwigizaji aliyefariki Septemba 2024, ina ukali na upole kwa pamoja, na inafanya kazi ambayo waandishi mara nyingi waliikwepa.

Sailor Moon Crystal, anime mpya ya 2014 ya hadithi hiyo hiyo, ilirudi karibu na manga, kwa hiyo mzaha wa yule kaka umepungua sana. Faida hiyo ina gharama: kasi ni kubwa, na Makoto hapati muda wa kukaa tu na wenzake. Nikiambiwa nichague, nabaki na yule wa zamani pamoja na kero zake. Mgeni anayetaka kumpima mwenyewe aanze na sehemu za 25, 45 na 96 kwa Kijapani, si kwa toleo la Marekani la 1995 ambalo lilimwita Lita, likaziunganisha sehemu mbili za mwisho za msimu wa kwanza na kugeuza vifo kuwa kutekwa. Huko hata ule ushujaa wake wa Ncha ya Kaskazini umepunguzwa thamani.