Meza ya Japani haibebi ukuta wa Bukoba

Kila ardhi ikitikisika Kagera au Kivu, makundi ya WhatsApp hujaa picha ileile: wanafunzi wa Kijapani wamejibanza chini ya madawati, na chini yake maneno "wenzetu wamejipanga". Kweli wamejipanga. Ila sisi tunaoishi huku Japani tuwaambie ndugu wa nyumbani jambo moja kabla hawajaiga: dawati lile linaokoa kwa sababu jengo lililo juu yake limejengwa lisianguke. Kazi yake ni kukinga taa, vioo na vipande vya dari. Tani mbili za matofali haliziwezi.

Wajapani wenyewe walijifunza kwa kulia. Katika tetemeko la mji wa Kobe, 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, walikufa watu zaidi ya 6,400, wengi wakibanwa na nyumba zao wenyewe. Zilizolala kwa wingi ni za mbao zenye vigae vizito juu, zilizojengwa kabla kanuni za ujenzi hazijakazwa Juni 1981. Ndiyo maana mgeni mjanja huku, akitafuta chumba cha kupanga, huuliza jengo ni la mwaka gani.

Sasa Bukoba. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilikuwa la kipimo cha 5.9. Huku Japani ukubwa huo mara nyingi hupita bila nyumba kulala. Kule liliua, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika hadi zikafungwa. Tena lilipiga Jumamosi saa 9:27 alasiri, watu wako macho. Lingekuja saa nane usiku, tungezika wengi zaidi.

Kwa hiyo cha kuiga kwanza ni linta, yaani boriti ya zege na nondo juu ya milango na madirisha, tena ile inayozunguka nyumba nzima. Mafundi wetu wengi huiweka juu ya mlango na dirisha tu, ili kubana gharama. Vipande hivyo havishikani, na ukuta ukitikiswa kila upande unakwenda zake. Linta kamili ni mkanda: nondo nne za milimita 12, ringi (pete za chuma zinazozifunga) kila sentimita 20, zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Penye kona ndipo ubahili unapoua. Nondo ikiishia konani imenyooka, kona itafunguka kama boksi. Inatakiwa ikunjwe, iingie ukuta wa pili na kulaliana na mwenzake angalau sentimita 60. Kisha kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zifungwe kwenye linta kwa waya au nondo zilizoachwa wazi, zisikalie ukuta hivi hivi. Na ile pembetatu ya matofali chini ya paa, ambayo huanguka mapema kwa kuwa haijashikwa na chochote, heri iwe ya mbao au bati. Jingine dogo: tofali la kuchoma lilowekwe kabla ya kupangwa. Likiwa kavu hunyonya maji ya udongo wa saruji, na kiungo kinabaki unga.

Kama nyumba haina mkanda huo, nawaambia wa nyumbani kinyume cha picha ya dawati: ukiwa ghorofa ya chini, mlango uko hatua tatu nne na nje pako wazi, toka, ukae mbali na ukuta. Ukiwa mbali na mlango, au ghorofani, kaa hapo hapo, funika kichwa, epuka dirisha.

Baada ya mtikisiko mkali, huku mita ya gesi hujifunga yenyewe. Kuirudisha: zima majiko yote, fungua kifuniko cha kitufe, bonyeza hadi mwisho, achia, subiri dakika tatu bila kugusa gesi. Ukisikia harufu, usiibonyeze kabisa. Nyumbani hakuna mita ya namna hiyo, mita ni mkono wako: zima regulata ya mtungi wa gesi, fungua madirisha, usiwashe kibiriti wala swichi ya taa. Na kabla ya kuhama nyumba, shusha swichi kuu. Kobe kulikuwa na moto ulioanza pale umeme uliporudi kwenye nyaya zilizokatika.

Kwa maji nyumbani tuko mbele. Huku watu wanahimizwa kuweka lita tatu kwa kila mtu kwa siku, wengi hawana. Dumu moja la lita 20 lililosimama jikoni kwetu linatosha watu wawili siku tatu. Jirani pia tunaye. Hata Kobe, wengi waliofukuliwa hai walitolewa na ndugu na majirani.

Tunachokosa ni subira ya kukaa nje. Kumamoto, huku huku Japani, 2016, tetemeko la 14 Aprili lilikuwa la 6.5, watu wengine wakarudi ndani, na usiku wa kuamkia tarehe 16 likaja la 7.3. Huku wakaguzi hubandika karatasi mlangoni: kijani (salama), njano (hadhari) au nyekundu (hatari). Ikiwa hakuna wa kukukagulia, tazama ufa pande zote mbili za ukuta. Ukionekana upande mmoja tu, mwembamba kama unywele, huenda ni ripu tu, yaani plasta ya ukuta. Ukitokeza upande wa pili, ukichora msalaba kati ya madirisha, au kona ikiwa imeachana na linta, usilale humo hata kama mvua inanyesha. Godoro na vyeti vitasubiri fundi.