Kasuku Anapobisha Hodi na Kujijibu Mwenyewe

Katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, yupo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ambaye kila adhuhuri, wenyewe wanapopumzika, hubisha "Hodi!" kwa sauti ya kijana anayeleta maziwa, kisha hujijibu "Karibu!" kwa sauti ya bibi mwenye nyumba, akamalizia kwa mkwaruzo wa komeo la mlango. Wageni humcheka, na mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku nyingine nilikaa peke yangu ukumbini nikamsikiliza akiyarudia mazungumzo hayo mara sita, bila mtu wa kumwitikia, na kicheko kikanikauka. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama kumfuga kasuku na kumfundisha maneno ni kumtendea wema au ni kumdhulumu.

Wanaotetea ufugaji huu wana hoja nzito. Wazee wa Pwani hukumbusha hadithi ya Mtume kumwuliza mtoto Abu Umair habari za kindege chake, ambayo wanazuoni wengi wameitumia kuhalalisha kumweka ndege nyumbani, alimradi alishwe, anyweshwe wala asiteswe. Naikubali hoja hiyo, ila uzito wote umo katika sharti lake la mwisho. Kwa kuku, mateso ni njaa, kiu na kipigo. Kwa kasuku kuna jambo jingine.

Hoja yao ya pili ni akili ya ndege mwenyewe. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg alimnunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago akamwita Alex, na hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007 alikuwa ametambua majina ya vitu wapatao 50, rangi 7 na maumbo 5, na aliweza kuhesabu hadi 6. La kuzingatia hapa ni namna alivyofundishwa. Watu wawili walikaa mbele yake. Mmoja alishika, tuseme, ufunguo akamwuliza mwenzake ni kitu gani, na yule akijibu sawasawa alipewa ufunguo wenyewe. Ndege alitazama, kisha akaingia zamu. Akitamka "ufunguo" alipata ufunguo, si karanga, na hivyo neno likashikamana na kitu chake. Pepperberg mwenyewe alijizuia kuuita uwezo huo lugha, na nadhani alifanya vyema. Hata hivyo, matokeo yake yanatosha kuonyesha kwamba tunapomsema mwanafunzi kuwa "anakariri kama kasuku" tunamwonea ndege. Sisi ndio tunaomkaririsha: tunamrudishia "kasuku mzuri" mara arobaini, hatumwonyeshi chochote, kisha tunafunika tundu kwa kanga na kwenda zetu.

Lakini kwa nini anaiga? Porini kasuku wa kijivu hulala kwa makundi makubwa mitini, na kwa milio hutambuana na kuitana. Hana zoloto la kutolea sauti kama letu. Sauti yake hutoka chini kabisa ya koo, pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafuni, na ulimi wake mnene humsaidia kuigeuza. Akiwekwa tunduni peke yake, sisi ndio tunaokuwa kundi lake, na anashika milio ya kundi hilo: salamu, simu, komeo. Kwa maoni yangu, basi, maneno yake ni wito wa kutaka kuitikiwa. Utafiti uliofanyika Vienna na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) za kasuku wa kijivu waliotengwa zilikuwa fupi kuliko za waliofugwa wawili wawili, jambo linalohusishwa na msongo na kuzeeka mapema. Wapo pia wanaojinyonyoa manyoya hadi kifua kikabaki ngozi tupu, na upweke ni mojawapo ya sababu zake.

Zaidi ya hayo, kuna swali la alikotoka. Katika misitu ya Kongo, kasuku hunaswa kwa ulimbo uliopakwa kwenye matawi, huku mwenzao aliyefungwa akitumiwa kama chambo cha kuwaita, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Nchini Ghana idadi yao imeshuka kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992, na katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, wamebaki wachache mno. Ndiyo maana mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaotoka porini. Watetezi hujibu kwamba wapo wanaozalishwa tunduni, hasa Afrika Kusini. Ni kweli, lakini karatasi haimtofautishi kirahisi aliyeanguliwa kizimbani na aliyetolewa kwenye shimo la mti, na hata huyo wa kizimbani bado anahitaji kundi.

Msimamo wangu ni kwamba asiye na kasuku asinunue. Aliye naye tayari, kwanza awe na kibali. Kenya, kwa mfano, kibali hicho hutolewa na KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Asimfungulie dirisha kwa kudhani anamrudishia uhuru, kwa kuwa ndege aliyekulia sebuleni hajui kujitafutia chakula wala kumkimbia mwewe. Kwa ndege kama huyu, kufundishwa maneno ni sehemu ya haki yake, mradi mwalimu akae naye kila siku, amtajie kitu huku akimpa, na amjibu anapoita. Tundu la kimya ni baya kuliko lenye somo.

Ugumu mwingine ni kwamba kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Yule bibi wa Mji wa Kale alifariki mwaka jana, na ndege bado anasema "Karibu!" kwa sauti yake. Wanawe walijadiliana: mmoja alitaka auzwe, mwingine hakuweza kuvumilia kumsikia. Mwishowe alichukuliwa na binti anayeshinda nyumbani akishona, na tundu likawekwa kando ya cherehani. Adhuhuri akibisha hodi, binti huwahi kumjibu kabla hajajijibu mwenyewe.