Ofisini au nyumbani: anayeumia ni mgeni kazini

Tangu janga la UVIKO-19 lifunge ofisi mwaka 2020, mabishano kuhusu kufanyia kazi nyumbani hayajaisha. Wafanyakazi wanasema wanachapa kazi zaidi wakiwa kwao. Mabosi wanasema ushirikiano unakufa. Amazon ilifikia hatua ya kuwataka wafanyakazi wake wa ofisini warudi siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Kila upande una ushahidi, tena ushahidi mzuri. Nionavyo mimi, tatizo ni kumzungumzia "mfanyakazi" kana kwamba wote ni mmoja. Aliyekaa kazini miaka kumi na aliyeripoti mwezi uliopita hawana mahitaji sawa.

Upande wa nyumbani una jaribio la kampuni ya usafiri ya Ctrip, lililofanyika Shanghai kati ya 2010 na 2011. Wahudumu wa simu waliojitolea waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa: wenye tarehe shufwa wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wenye witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa, mchumi Nicholas Bloom na wenzake walikuta utendaji wa waliokuwa nyumbani umepanda kwa asilimia 13, hasa kwa sababu mapumziko na siku za kuumwa vilipungua. Bosi anayeamini kwamba watu wakiachwa nyumbani hulala, ajibu hilo kwanza.

Lakini masharti yake nayo yasomwe. Kupokea simu ni kazi inayohesabika moja moja, kila mtu na yake. Waliokubaliwa kushiriki walikuwa wameshakaa kazini angalau miezi sita, yaani kazi wanaijua. Hata hivyo, utendaji ukiwa sawa, walio nyumbani walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupandishwa cheo, na jaribio lilipokwisha karibu nusu yao walichagua kurudi ofisini. Upweke ulikuwa umewachosha.

Chennai, India, matokeo yalikuwa kinyume. Watafiti David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde waliajiri watu wapya wa kuingiza data, wakawapangia nyumbani au ofisini kwa bahati nasibu. Wa nyumbani walizalisha pungufu kwa asilimia 18. Theluthi mbili za pengo hilo zilionekana tangu siku ya kwanza; sehemu iliyobaki ilitokana na wa ofisini kujifunza haraka zaidi. Majaribio haya mawili yana tofauti nyingi, ila moja ndiyo inayonishughulisha: Shanghai walikuwa wazoefu, Chennai walikuwa wageni.

Utafiti wa Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais unalifafanua jambo hili vizuri kuliko wowote ninaoujua. Waliwafuatilia wahandisi wa programu wa kampuni moja kubwa ya Marekani iliyokuwa na majengo mawili. Kabla ya janga, waliokaa jengo moja na timu yao walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi zao kuliko wale ambao timu zao zilitawanyika, takribani moja ya tano zaidi. Ofisi zilipofungwa, tofauti hiyo ikayeyuka. Waliofaidika zaidi na ukaribu walikuwa vijana. Na waliolipa? Wazoefu. Wakiwa karibu na wenzao waliandika programu kidogo zaidi, kwa sababu muda wao ulikwenda kwenye kufundisha.

Hapo ndipo ninapoona mzizi wa mabishano yote. Mhasibu mpya amekwama kwenye jedwali saa nne asubuhi. Mzoefu akiwa meza ya pili, mgeni anageuka tu: "Samahani, mbona safu hii hainipi jumla sawa?" Nusu dakika, imekwisha. Akiwa nyumbani anaandika ujumbe, anaufuta, anauandika upya kwa adabu zaidi, anahofia kusumbua, anajaribu mwenyewe kwanza. Inafika saa sita. Mzoefu naye, kule kwake, amepata asubuhi tulivu na amemaliza ripoti mbili. Ukimuuliza kama nyumbani kuna tija atakwambia ndiyo, na atakuwa anasema kweli.

Je, basi wote warudi? Siamini hivyo. Amri ya siku tano ina gharama, na gharama hiyo huwaangukia zaidi wenye safari ndefu, wanaolea na wenye ulemavu. Kampuni ileile ya Shanghai, sasa ikiitwa Trip.com, ilijaribu tena mwaka 2021 na 2022 kwa wafanyakazi 1,612, safari hii kwa siku mbili tu za nyumbani kwa wiki. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na tathmini za utendaji hazikushuka. Mameneja waliokuwa wametabiri tija itashuka walibadili mawazo baada ya kuyaona matokeo.

Zaidi ya hapo, kurudi ofisini hakuleti ushirikiano kwenyewe. Kijana anaweza kuamriwa kurudi, akafika, akakuta wakubwa wako kwenye vikao kutwa au nao wamebaki makwao, akashinda amevaa vipokea sauti akiongea kwa video na watu walio kwingine. Huo ni usumbufu wa safari bila faida ya ukaribu. Mkuu anayetaka watu ofisini aanze kwa kupanga siku ambazo timu nzima, wazoefu wakiwemo, itakuwa pamoja, na siku hizo vikao vipunguzwe. Mgeni apewe siku nyingi zaidi za ana kwa ana miezi yake ya mwanzo. Siku nyingine mzoefu aachwe afanye kazi yake kwa utulivu, popote.

Mzoefu atauliza kwa nini asafiri ili mwingine ajifunze, na ana haki ya kuuliza, maana muda anaoutoa hauonekani popote. Fomu nyingi za tathmini zina nafasi ya kuandika ulichokamilisha wewe, hazina nafasi ya kuandika uliyemsaidia kukamilisha chake. Mkuu wa idara anaweza kuanza na fomu hiyo kesho, kabla hajagusa ratiba ya mtu yeyote.