Gati 32 za Lamu na kalenda ya kusi

Machi 2012 Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walikutana Lamu, pwani ya Kenya, kuzindua LAPSSET, mradi wa kuunganisha nchi zao: bandari ya gati 32, reli, barabara na bomba la mafuta. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Zilizojengwa ni 3, na reli haijaonekana.

Wanaotetea malengo makubwa wana hoja. Mradi usio na tarehe hautengewi fedha, na Lamu ilivyosahauliwa miaka yote ile, aliyeomba gati 3 pengine asingepata hata moja. Nalikubali hilo.

Lakini 32 hiyo hainitoki kichwani, kwa sababu haikutulia kwenye karatasi. Bandari haijajengwa, ardhi tayari imegombaniwa, hata mwaka 2014 serikali ikatangaza kufuta hati za takriban ekari 500,000 zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22. Lengo lisilotimia nalo lina kazi yake: linapandisha bei, linahamisha watu, kisha aliyelitangaza anastaafu.

Wavuvi waliokwenda mahakamani mwaka 2012 waliitwa wapinga maendeleo. Walichodai ni kuulizwa kabla mkondo wa kupitisha meli haujachimbwa. Ikachukua miaka 6: Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikawapa haki, na kuagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gawanya mwenyewe: kama 380,000 kwa kila mmoja, kwa maji yaliyomlisha baba na babu. Na kesi hiyo, tukumbuke, ilianza kabla ya kijiwe cha kwanza kuwekwa baharini. Wangesikilizwa mapema, ratiba ingechelewa miezi kadhaa tu.

Tena wao ndio wenye hesabu ya muda iliyo sahihi. Mwenye dau au mashua ndogo haendi bahari kuu wakati wa kusi, upepo mkali wa katikati ya mwaka; anajibanza kwenye mikondo iliyokingwa, na huko, kwenye ghuba ya Manda ilipo bandari, ndiko kulikochimbwa. Ofisini mwaka wa fedha huanza Julai, kusi ikiwa imepamba moto. Uzinduzi ulifanywa Machi, upepo umelegea, bahari shwari, wageni wakiwa na suti kavu.

Anayepanga gati ya nne na aje Julai, apande dau, aulize mkondo gani umebaki wa kuvulia.