Gambiti kwa mweusi: hesabu hatua kwanza, askari baadaye

Ukiwaambia wachezaji wa chesi kwamba ukiwa na nyeusi unacheza gambiti tu, yaani unatoa askari bure mwanzoni ili upate kitu kingine, nusu watacheka na nusu watakuonea huruma. Kocha mmoja aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba mweusi anayecheza gambiti ni kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba halafu anatunza hela kwenye harusi ya jirani. Nilicheka na wenzangu ila maneno yale yalinikaa kichwani miezi, maana kwa sehemu yuko sahihi kabisa.

Hoja yake ni hii. Mweupe anaanza, kwa hiyo yuko mbele hatua moja, na akitoa askari anatoa akiwa na nafasi. Mweusi yuko nyuma tangu mwanzo, sasa ukiwa nyuma kwa muda halafu ukajiweka nyuma na kwa mali, unategemea nini zaidi ya mwenzako kukosea? Na mfano wao upo tayari, gambiti ya Englund (herufi na namba hapa ni nyumba za ubao). Mweupe d4, wewe e5, anakula, unatoa farasi c6, anatoa farasi f3, malkia e7, askofu wake f4, malkia wako anaruka b4 na cheki, anaziba kwa askofu d2, unakula b2. Akiweka askofu c3 amekwisha, askofu wako anatua b4 anamfunga na hatua chache mbele malkia wako anashuka c1, mati, mfalme hana pa kukimbilia. Tamu sana kwenye video. Ila akiweka farasi c3, kitu ambacho hata mtoto angeweka bila kufikiri, malkia wako amebaki anazurura peke yake kwenye nyumba za watu na kete zako zote ziko nyumbani zimelala. Hapo sina utetezi, na anayeijenga chesi yake juu ya Englund wacha achekwe tu.

Tatizo langu ni kwamba watu wanachukua Englund wanaifanya sura ya gambiti zote za mweusi. Na hili linanishangaza zaidi likisemwa na watu waliokulia kwenye drafti kijiweni, maana pale kulisha ni lugha ya kila siku, unampa moja unachukua tatu, hakuna anayekuita mtu wa mitego, wanakuita fundi. Tofauti ni kwamba kwenye drafti kula ni lazima, ukilishwa unakula upende usipende, na kwenye chesi mwenzako anaweza akakuangalia tu akaacha askari wako palepale. Hiyo tofauti ni kubwa, nitairudia.

Sasa mimi naangalia hivi. Kabla hujauliza umetoa askari wangapi, uliza mweupe ametumia hatua zake kufanya nini. Chukua gambiti ya Benko, ambayo Warusi wanaiita Volga. Mweupe d4, mweusi farasi f6, c4, c5, d5, halafu b5. Anakula b5, unaweka a6, anakula tena, askofu wako anachukua a6. Simama hapo uhesabu. Mweupe amecheza hatua tano na zote tano ni za askari, hakuna hata kete moja iliyotoka nyumbani! Wewe una farasi nje, askofu nje, na ngome yako ya a8 imefunguliwa njia bila hata kusogea. Sasa nani hapo yuko nyuma?

Ukishaliona hilo unaanza kuona na zingine. Budapest, Albin, Blumenfeld, Benko, zote zinakuja baada ya mweupe kucheza c4, na c4 ni hatua nzuri lakini haitoi kete yoyote nje, inachukua eneo tu. Ndio maana Englund ni mbovu na Budapest inapumua ingawa zote ni e5 ileile, moja inasukumwa mweupe hajatumia chochote, nyingine amekwisha kutumia. Hata ufunguzi ule wa Farasi Wawili, mweupe anaporusha farasi g5 kutafuta f7, unaweka d5, anakula, unaweka farasi a5 na umetoa askari hapo, wala hakuna anayeiita gambiti, wanaiita mstari mkuu. Mbona hapo hamcheki?

Basi turudi Benko maana ndiyo ninayoipenda na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Pal Benko aliisukuma sana kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mpaka jina likamgandia, na kilichomvutia sio mati ya haraka. Hakuna mati ya haraka kwenye Benko. Unamweka askofu g7 anaangalia mshazari mzima mpaka b2, ngome mbili unazipanga a na b, na askari wako wote wamebaki wameshikana mkono kutoka c mpaka h, hakuna yatima hata mmoja. Mweupe ana askari wawili kule a2 na b2, mmoja wao ni yule uliyempa bure, na kazi yake yote kuanzia hapo ni kuwalinda. Akienda e4 unabadilishana askofu f1, mfalme anakula, kasilingi (ile ya kumficha mfalme pembeni kwa hatua moja) imekufa, itabidi atembee kwa miguu mpaka g2. Na kitu kinachowachanganya watu ni kwamba malkia wakitoka mezani mambo hayamharibikii mweusi, mara nyingi yanamnyookea. Kanuni tuliyofundishwa wote ni kwamba ukiwa pungufu usibadilishane kete, sasa hapa mtu anakubadilishia malkia akidhani anakuzika, hatua kumi baadaye a2 imeanguka na b2 inayumba. Nimemaliza michezo kadhaa hivyo na kila mara mwenzangu anakaa anaangalia ubao kama mtu aliyeibiwa kwenye daladala, hajui ilitoka saa ngapi.

Watasema injini, yaani programu ya kompyuta ya chesi, haiipendi. Kweli, haiipendi, itakuonyesha mweupe yuko juu kwa nusu askari na zaidi. Namba hii watu wanaishika kama hukumu ya mahakama, kwa hiyo tuitazame vizuri. Kwanza, ubao haujaguswa kabisa injini tayari inampa mweupe kitu kidogo, kwa hiyo sio kwamba Benko imekutoa sifuri ikakupeleka shimoni, kuna sehemu ya shimo ulizaliwa nayo. Pili, ile namba ni ya kitu kisichochoka, kinacholinda b2 kwa hatua arobaini bila kupiga miayo. Mimi na wewe wa reitingi (alama za uwezo) ya 1500 na dakika kumi kwenye saa hatulindi chochote hatua arobaini. Kulinda kunachosha kuliko kushambulia, na kwenye Benko anayelinda ni yule mwenye askari wa ziada. Hiyo haimo kwenye namba.

Na sio sisi wadogo tu. Gambiti ya Marshall nayo ni hesabu ileile, askofu wa mweupe ameshatembea hatua tatu, b5, a4, b3, halafu kaongeza c3 na kumnyima farasi wake nyumba, ndipo mweusi anaweka d5. Mweupe akishamaliza kula e5 kwa ngome, upande wake wa malkia wote, ngome, farasi, askofu na malkia mwenyewe, bado wamelala walipopangwa. Frank Marshall aliitoa New York mwaka 1918 dhidi ya Capablanca na akapigwa, watu wakasema imekufa. Mwaka 2004 kule Brissago, Uswisi, mchezo wa nane wa ubingwa wa dunia, bingwa Kramnik alimfuata mpinzani wake Leko ndani ya Marshall akiwa na maandalizi ya nyumbani yaliyopitiwa na kompyuta, yakawa na tundu, na Leko akaliona mezani na kushinda na nyeusi. Kramnik aliokoa taji mchezo wa mwisho, 7-7. Na leo wakubwa wengi wakiona Marshall inakuja wanaikwepa mapema na a4 au h3. Kitu kibovu hakikwepwi, kinaliwa.

Ila lazima niwe mkweli, kuna mbili zinanivurugia hesabu. Ya kwanza ni gambiti ya Stafford. Farasi wa mweupe anatoka f3, anakula e5 halafu anakula c6, ametumia hatua tatu na ametoweka ubaoni, mweusi ana farasi nje na maaskofu wote njia wazi, kwa hesabu yangu ilitakiwa iwe gambiti safi. Sio safi. Mweupe akiweka d3, askofu e2, c3, hana hata kidonda kimoja cha kugusa na wewe umebaki unasukuma h5 ukiomba. Kwa hiyo muda peke yake hautoshi, lazima kuwe na kitu cha kudumu cha kushambulia, kama ile a2 na b2. Muda bila shabaha unayeyuka.

Ya pili ni Kasparov mwenyewe. Mwaka 1985 Moscow, akiwania ubingwa wa dunia dhidi ya Karpov, alitoa askari kwenye ufunguzi wa Sisilia kwa d5 hatua ya nane, akaijaribu mchezo wa 12 ikawa sare, akairudia mchezo wa 16 na farasi wake akatua d3 akakaa pale kama pweza, mikono kila upande, akashinda. Mwaka uliofuata Karpov huyohuyo akaonyesha dawa yake, askofu e3, na gambiti ikaenda makumbusho. Hapo kocha wangu ana haki, gambiti inaweza kufa kwa hatua moja ya mtu mwingine, Caro-Kann, ule ufunguzi mtulivu wa mweusi, haifi hivyo. Japo kufa baada ya kukusaidia kuchukua ubingwa wa dunia, mimi ningeipokea.

Shida halisi ya kujenga silaha za gambiti tupu sio ubora wake, ni ile ya drafti niliyosema, kwamba hapa hakuna kulazimishwa kula. Unakesha na Marshall, mtu anakuja anabadilishana askofu c6 hatua ya nne, umekwisha kuagwa. Unakesha na Benko, mtu hachezi c4 kabisa. Na huku kwetu kwenye mashindano ya wikiendi kila mtu wa pili akiwa na nyeupe anacheza ufunguzi wa London, d4, askofu f4, e3, mpaka unajua atakachofanya kabla hajakaa. Kwa hiyo anayekuuzia mpango wa gambiti kwa kila kitu anakudanganya, labda nusu ya michezo yako itakuwa chesi ya kawaida na lazima uijue.

Mimi kwa London naweka c5 halafu malkia b6 kutafuta b2. Wasiosoma wanailinda na tunaendelea. Waliosoma wanaweka farasi c3, wananiachia nile, na nikishakula tu farasi anaingia b5 na mimi ndiye naanza kukimbia nikiwa na askari wa watu mfukoni.